Jiwe Lililoomba Maji

Kanisa la mawe lililoko nyuma ya Vällingby, kitongoji cha Stockholm, lilikuwa la kijiji kabla mji haujakimeza kijiji chenyewe. Leo ukisimama mlangoni unaona maghorofa na unasikia treni ikipita, lakini ndani harufu bado ni ya shamba: nta, unyevu, na vitabu visivyofunguliwa. Humo ndani, upande wa kushoto ukiingia, limekaa jiwe la ubatizo. Limechimbwa katikati kama kinu, pana kiasi kwamba mtoto mchanga anaweza kukaa ndani akacheza, na ubavuni lina simba wanne wenye nyuso za watu wanaoumwa jino. Jiwe hilo lilikaribia kumnyima mjukuu wangu ubatizo, ndiyo maana naandika habari zake.

Historia yake ni hii, kama ilivyo katika kijitabu cha kanisa alichonisomea binti yangu Veronica. Lilichongwa zamani sana, watu wa huku walipokuwa wageni katika dini kama sisi tulivyokuja kuwa baadaye, likabatiza ukoo kwa ukoo. Kisha bwana mmoja mwenye mashamba akarudi kutoka vitani na bakuli la fedha ambalo hakusema alilipata wapi. Akalitoa kanisani kwa sharti kwamba jina lake litajwe kila mtoto anapobatizwa. Mbele ya fedha jiwe likaonekana la kishamba. Wakalitoa nje, likanywesha nguruwe. Nguruwe walipokwisha, mke wa mchungaji fulani akapanda maua ndani yake. Halafu bakuli la fedha likaibwa, na watu wakakumbuka ghafla kwamba jiwe ni takatifu. Wakalisugua, wakalirudisha ndani, wakamwomba Mungu radhi. Nguruwe hakuna aliyewakumbuka, ingawa ndio waliolitunza muda mrefu.

Katika siku zetu hizi wakaja wataalamu. Wakaligonga, wakalisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, wakasema jiwe linakunywa maji na linapasuka kwa ndani. Wakapiga marufuku kulilowesha. Basi likawa jiwe la ubatizo lisiloruhusiwa kuguswa na maji, na watoto wakabatizwa kwa bakuli la kioo juu ya kimeza, jiwe likitazama.

Hapo ndipo lilipokuwa mimi nilipofika Stockholm.

Nilikuja kwa jambo moja. Veronica ni muuguzi katika ile hospitali kubwa ya Flemingsberg, na mumewe, Isak, ni Mswidi wa kompyuta, mtu mpole anayeosha vyombo bila kuambiwa. Tatizo la Isak ni moja tu: anaamini mtoto asibatizwe, aachwe akue achague mwenyewe. Wajukuu wangu wawili wa kiume waliachwa wachague. Wamechagua mpira wa magongo wa kwenye barafu. Alipozaliwa wa tatu, Koku, Veronica alilia kwa njia zote anazojua mwanamke, mwisho Isak akaniambia kwenye simu, "Sawa, mormor. Kwa ajili yako. Ukiwa hapa."

Mormor ndivyo wanavyomwita mama wa mama. Maneno yote yalikuwa matamu, lakini mimi nilishika yale ya mwisho: ukiwa hapa. Maana yake nikiondoka, jambo limeondoka na mimi. Na viza yangu ilikuwa inaisha wiki ya Pentekoste.

Tulikwenda kwa mchungaji tukiwa na muda mwingi. Mchungaji ni mwanamke, Elsa, ana nywele fupi na moyo mzuri. Akatupa kahawa na mikate ya mdalasini. Huku kila jambo huanza kwa kahawa, na jambo likiwa gumu kahawa huongezwa. Tulipofika kikombe cha tatu nikajua hali ni mbaya.

"Kwa kawaida ningembatiza Jumapili yoyote," Elsa alisema, Veronica akinitafsiria. "Lakini huu ni mwaka wa jubilei. Jiwe linatimiza miaka mia nane."

Nikauliza wamejuaje mwaka.

"Tulikaa kikao," Elsa akasema. "Hakuna maandishi, kwa hiyo tukapiga kura. Kuna waliotaka mia saba na hamsini."

Baraza la kanisa, baada ya kulipatia jiwe umri, lilipitisha kwamba ubatizo wote wa mwaka wa jubilei ufanyike ndani ya jiwe lenyewe na si mahali pengine. Ukumbini walipiga makofi. Bakuli la kioo wakalipeleka duka la mitumba. Ndipo mtu mmoja akakumbuka ile marufuku ya maji. Wakaandika kwa ofisi inayolinda vitu vya kale kuomba ruhusa, na ofisi ikajibu kwamba ombi limepokelewa.

"Na mpaka wajibu?" Veronica akauliza.

"Mpaka wajibu siwezi kubatiza ndani ya jiwe," Elsa akasema. "Na kwa uamuzi wa baraza siwezi kubatiza nje ya jiwe."

"Hata nyumbani?"

"Uamuzi unasema ubatizo wote." Akatusogezea sahani ya mikate. Nilimwonea huruma. Alikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili na watu wawili, kila mmoja akivuta kwake kwa adabu.

Veronica alijaribu makanisa mengine. Yote yalikuwa yamejaa mpaka vuli, kwa sababu majira ya joto ni ya harusi, na wengine walisema mkazi wa Vällingby abatizwe Vällingby. Isak aliendelea kuosha vyombo. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa mvua inaweza kunyesha naye hana nguo alizoanika.

Sasa, katika kanisa hilo hilo sisi Waswahili tuna ibada yetu Jumapili alasiri. Nasema Waswahili, lakini ni Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo, kila mtu na Kiswahili chake kama kila mtu na kijiko chake. Mwenyekiti wetu ni Japhet Wambura, mtu wa Mara, aliyekuja kusomea umeme ujana wake akabaki. Amestaafu, watoto wamehama, na Mungu hakumwachia kazi nyingine ila uenyekiti. Ni mwenyekiti wa kamati ya jubilei, na wa kamati ndogo ya chakula, na kamati ndogo zikikosana yeye ndiye mwenyekiti wa usuluhishi.

"Shikamoo Mama," aliniambia. "Hilo la mjukuu wako tuachie sisi. Wazungu wameandika barua. Barua haina miguu. Sisi tutafanya sherehe."

"Marahaba, baba. Sherehe italeta maji?"

"Sherehe italeta mgeni rasmi. Mgeni rasmi ndiye huleta maji. Wewe umeona wapi kijiji kimepata bomba bila risala?"

Hapo alisema kweli.

Kwanza walimwalika askofu, askofu akawa na safari. Wakamwalika balozi, balozi naye akawa na askofu. Kisha Elsa, kwa wema wake, akamwambia Japhet kwamba ile ofisi ya vitu vya kale inamtuma mtu Jumamosi saa tano kuangalia nyufa za jiwe, mama mmoja anayeitwa Ragnhild, na kwamba ndiye atakayeamua. Japhet alimwandikia mama huyo kumwalika kwa heshima na taadhima. Akajibiwa kwa mstari mmoja: nitakuja Jumamosi saa tano kuangalia jiwe. Japhet alisimama mbele ya kamati akasoma mstari ule kwa sauti, akavua miwani, akasema, "Amekubali."

Kamati ikapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mtu wa serikali anaweza kuja mahali kwa ajili ya kazi tu.

Ikashonwa sare. Kitenge cha bluu chenye picha ya jiwe kifuani. Kwa wanawake wanene simba walikaa vizuri, kwa wembamba walikunjamana wakazidi kuumwa meno. Jina la Koku likachapishwa kwenye ratiba kama mtoto wa kwanza wa jubilei, baada ya risala na kabla ya pilau. Ugomvi ukawa mmoja tu, wa Mwamba. Mwamba ni Mkongo wa Uvira, dereva wa basi, na ubatizo anaoutambua ni wa kuzama.

"Mama, hii jiwe iko munene," aliniambia, akipima shimo kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. "Mutoto anaenea ndani muzima. Wazee ba zamani balijua. Balikuwa banazamisha. Sasa nyinyi munataka kumuwekea matone tatu kama munamwagilia maua?"

"Mwamba baba, mimi hata tone moja sina."

"Voilà, ndiyo hiyo. Ukiomba, omba mingi."

Wakaandika kwenye risala kwamba maji yanayoombwa yawe ya kutosha.

Jumamosi ikafika. Ndege yangu ilikuwa Jumatatu. Sanduku nilishafunga, na Veronica alikuwa ameacha kuniangalia usoni tukizungumza, kwa hiyo nilijua hana tumaini na jiwe wala na mgeni rasmi.

Ragnhild alikuja kwa baiskeli. Alikuwa mama mrefu wa makamo, kofia ngumu kichwani, fulana ya kung'aa kama ya watengeneza barabara, na magotini alijifunga vipande vya mpira, maana kazi yake ni ya kupiga magoti mbele ya mawe. Begani ana begi lenye tochi na vipimo. Akasukuma mlango wa kanisa polepole, kama mtu anayeingia ghalani.

Vigelegele vilimpokea. Akina mama walikuwa wamejipanga mistari miwili mpaka madhabahuni, bluu tupu. Aligeuka kuangalia nyuma kama kuna mtu mkubwa anakuja, na nyuma hakukuwa na mtu ila baiskeli. Brigitha wa kwaya akamvisha kitenge juu ya fulana ya kung'aa, wakamshika mikono wakamketisha kwenye kiti chenye kitambaa kando ya jiwe. Tochi aliipakata.

"Nilidhani tungekuwa wawili," alimwambia Elsa.

"Mimi pia," Elsa akasema.

Japhet akasimama na risala. Veronica aliinama karibu na sikio la mgeni kumtafsiria, Koku akiwa mgongoni kwangu amelala. Nimesikiliza risala nyingi maishani, za zahanati, za shule, za majosho ya ng'ombe, na nasema bila upendeleo kwamba ile ilikuwa nzuri.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi," Japhet alianza, "jiwe letu lilizaliwa miaka mia nane iliyopita, likiwa jiwe la pekee katika familia yake kupata kazi ya kanisa. Katika kipindi chote hicho limehudumu bila likizo, bila kupandishwa cheo, na bila kudai malimbikizo."

Watu wakaitikia, "Ni kweli."

"Mafanikio. Moja, limebatiza watu wengi ambao wote wamefariki kwa sababu zisizohusiana na jiwe. Mbili, lilihamishiwa idara ya mifugo, na huko nako halikulalamika. Tatu, limewatunza simba wake wanne katika hali nzuri, isipokuwa mmoja aliyepoteza pua."

Ragnhild aliinama kuangalia pua. Ni kweli haikuwepo. Akaandika.

"Changamoto," Japhet akaendelea, na sauti akaishusha kama inavyopasa. "Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni ukosefu wa maji."

Kanisa zima likaguna. Wengine, nadhani, waligunia vijiji vyao vya zamani, maana neno lile likisemwa kwa sauti ile, mwili hujibu wenyewe. Mzee mmoja wa Kigoma alifuta macho.

"Maombi. Tunaomba maji, Mheshimiwa. Yawe ya kutosha. Tunaomba yatoke leo, kwa kuwa mtoto yupo, mama yake yupo, na bibi yake anasafiri Jumatatu. Ni sisi watiifu wako."

Akakunja karatasi, akaikabidhi kwa mikono miwili, akainama. Watu wote wakamgeukia mama wa watu. Kwetu mgeni rasmi haketi juu ya risala bila kujibu. Hata akidanganya, anadanganya papo hapo, amesimama. Ragnhild alielewa kwa macho tu kwamba anasubiriwa. Akainuka na kitenge chake. Alisema kwa Kiswidi, taratibu, na Veronica akatafsiri kwa kipaza sauti.

"Anashukuru sana. Anasema amesikia. Anasema suala lina uzito, linahusu pande nyingi, na atakwenda nalo ofisini litazamwe kwa kina."

Halafu kicheko kikaanzia nyuma kwa Wakenya, kikaja mbele mstari kwa mstari, mpaka mzee wa Kigoma naye akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilikuwa cha watu waliosafiri mbali sana na nyumbani wakakuta mlangoni kiatu cha mjomba wao.

"Analifanyia kazi," Mwamba akasema.

"Anasema nini?" Ragnhild akamuuliza Veronica.

"Anasema umejibu vizuri."

Japhet peke yake hakucheka. Alikaa, akavua miwani akaifuta kwa picha ya jiwe. Elsa alinitazama mimi, kisha akatazama dari. Isak akamchukua Koku kutoka mgongoni kwangu, akaniambia kwa upole ulioniumiza, "Tulijaribu, mormor." Ratiba ilisema kifuatacho ni ubatizo, na Japhet aliruka mstari huo bila kuusoma. Tukaenda ukumbini kula.

Kazi yangu ilikuwa kunawisha. Nilichukua jagi la maji ya vuguvugu, beseni la plastiki na taulo begani, nikaanza na mgeni rasmi, kwa sababu mgeni asiponawa hakuna anayenawa, na asipokula hakuna anayekula. Pilau ilikuwa mezani inafuka. Kando yake niliweka kikapu cha senene nilichotoka nacho kwetu Muleba, zawadi ya mgeni. Ragnhild alikuwa amepiga magoti chini ya jiwe nusu saa nzima baada ya risala, na tumbo lake lilisikika.

Nikamwinamia na jagi. Akaficha mikono mgongoni.

Nikamfuata upande wa pili. Akazunguka.

"Veronica," nikasema, "muulize huyu mama nimemkosea nini."

Waliongea muda. Veronica alirudi akiuma mdomo. "Mama, anasema hawezi kula chakula chetu. Wala zawadi. Anasema ana suala letu mezani. Mtumishi wa umma akila kwa mtu ambaye bado hajaamua shauri lake, ni rushwa. Anaweza kufukuzwa kazi."

"Kwa pilau?"

"Hata kwa maji ya kunawa, anasema, hana hakika."

Habari ilienea ukumbini upesi kuliko harufu ya nyama. Mgeni rasmi amekataa chakula. Akina mama waliopika tangu usiku walisimama na miiko yao. Japhet alikuja mbio, akasema mgeni akitoka hapa na njaa yeye atajiuzulu nyadhifa zote, na watu wakamsihi asiseme hivyo, ingawa wawili watatu hawakumsihi sana. Mwamba akasema bamufungie chakula kwa sahani, akule kwa njia. Ragnhild akatikisa kichwa. Alikuwa anaitazama pilau kama mimi nilivyokuwa nalitazama lile jiwe.

Watu wapatao mia wamesimama na mikono mikavu. Mimi nilikuwa na jagi mkononi na lilikuwa zito, na mtu mwenye mzigo mkononi hufikiri mafupi.

"Muulize," nikamwambia Veronica, "shauri likiisha, anakula?"

"Anasema likiisha, ndiyo. Hapo ni mgeni kama wengine."

"Basi mwambie aliishe."

"Mama, hawezi kutoa ruhusa hapa. Nyufa zimeongezeka. Ndiyo maana anataka kwenda nalo ofisini, ili..." Veronica akakwama.

"Ili asituambie hapana mbele ya chakula chetu," nikasema. "Mwambie hatukumwomba aseme ndiyo. Aseme hapana."

Japhet alinishika mkono wenye jagi. "Mama, unatuharibia. Hapana haiombwi. Risala nzima ile, hapana?"

"Mwanangu, nimekaa na 'ombi limepokelewa' tangu theluji. Mwache mama wa watu aseme."

Veronica alitafsiri. Ragnhild akashusha begi begani. Alisema kitu kwa sauti ndogo, nikaambiwa baadaye kwamba alisema katika kazi yake yote hajawahi kuombwa jambo hilo, watu humwomba ndiyo, na yeye huwapa muda. Akatoa karatasi kwenye begi, akaandika akiwa amesimama, mistari miwili, akatia sahihi, akampa Elsa.

Elsa akasoma: jiwe halitatiwa maji kamwe, wala leo wala jubilei nyingine.

Kisha Ragnhild akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu, vidole vimetanuliwa.

Nikataka kumwagia. Elsa akasema, "Subiri." Alikuwa anaisoma ile karatasi mara ya pili, na midomo ilikuwa inakwenda.

"Baraza liliamua watoto wabatizwe ndani ya jiwe," akasema taratibu. "Sasa imeamuliwa haiwezekani. Uamuzi usiotekelezeka umeanguka. Kwa hiyo..." Akanitazama kama mtu aliyesikia kamba imekatika shingoni. "Kwa hiyo naweza kubatiza popote."

Isak akatoa simu kuangalia kalenda. Yeye ni mtu wa mpango, simlaumu. "Mwisho wa Agosti kuna nafasi," akasema, na palepale akakumbuka Jumatatu, uso ukamwiva.

Angeweza kuishia hapo. Hakuna ambaye angemlaumu, na kalenda ilikuwa upande wake. Alimtazama Veronica, ambaye alikuwa anatazama sakafu, akairudisha simu mfukoni.

"Ni lazima maji yawe ya aina gani?" akamuuliza Elsa.

"Maji tu," Elsa akasema.

Wote wakatazama jagi langu. Nikamkabidhi Elsa kwa mikono miwili.

Elsa alimwaga ndani ya beseni, maji safi ambayo hakuna aliyekuwa amenawia bado, kwa sababu ya heshima tuliyompa mgeni aliyekataa kunawa. Beseni lilikuwa la rangi ya waridi. Japhet alilishika, akasema ni kwa niaba ya kamati. Veronica akamvua Koku kofia. Elsa akauliza mtoto anaitwa nani, na kabla hajamaliza kuuliza, Isak alijibu yeye kwa jina zima la Koku, wazi, kila silabi mahali pake: Kokushubira. Alikuwa amejifunza kwa siri. Mimi nilijua kwa sababu ukuta wa chumba changu ni mwembamba.

Mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Koku alishtuka, akalamba tone lililofika mdomoni, akaona linafaa. Wenzangu walipoanza kuimba, mimi sikuimba. Nilikuwa nataka nione tu.

"Matone tatu," Mwamba alininong'oneza. "Nimehesabu. Hii ni ya kutuliza vumbi."

"Imetosha, baba."

"Kwa leo imetosha," akakubali, na akapiga makofi kuliko wote.

Mgeni rasmi alikula sahani mbili. Alikula na senene, akauliza kama ni uduvi, akaambiwa ni panzi, akaongeza. Kwa kuwa sasa alikuwa mgeni kama wengine alipumzika, akaniuliza kupitia Veronica lile beseni limetengenezwa lini, kwa sababu chombo kilichobatiziwa kwa kawaida huingizwa kwenye orodha na kulindwa. Nikamwambia asiliandike kokote. Nililinunua duka la bei rahisi pale Vällingby na nalihitaji.

Japhet naye alikuwa amesimama na kijiko, akigonga glasi. Kuna jambo, alisema. Maji yaliyobaki katika beseni ni maji ya ubatizo. Hayawezi kumwagwa ovyo. Wapo wanaosema yamwagwe penye ardhi, wapo wanaosema chini ya jiwe, lakini chini ya jiwe maji hayaruhusiwi. Anapendekeza kamati ndogo ya watu watano, na yuko tayari kuiongoza. Ragnhild alionekana kuvutiwa. Elsa akasema labda baraza nalo lipate mwakilishi.

Nilikuwa nimeshayapeleka nje. Kuna mti wa maua ya zambarau ukutani mwa ukumbi, nikayamwaga shinani, nikasimama kidogo mpaka ardhi ikayanywa yote. Kisha nikarudi ndani, nikasuuza beseni, nikajaza jagi maji ya vuguvugu mapya, maana mstari wa watu ambao hawajanawa ulikuwa umefika mlangoni, na wa kwanza alikuwa Isak, mikono ameshainyoosha.